Kisima cha Mama Huruma

Mama mkwe wangu anaitwa Ida, lakini jina hilo mimi silitamki. Hata kuliandika hapa mkono unasita. Newala nzima wanamwita Mama Huruma, kwa jina la binti yake wa kwanza ambaye ndiye mke wangu, nami humwita Mama, nikiwa nimeinamisha kichwa barazani, mguu mmoja tayari kuondoka. Kwetu ukwe hauna mchezo. Sili mbele yake. Sipiti uani kwake, maana uani ndiko kwenye jiko na bafu na kamba ya nguo, na mkwe wa kiume anayezurura huko anatafuta kusemwa. Yeye naye hanisemeshi moja kwa moja. Akiwa na neno humwambia Huruma, Huruma huniambia mimi, nami hujibu kwa njia hiyohiyo, hata kama tumetenganishwa na ukuta mmoja tu wa udongo.

Ni heshima nzuri, wala siilaumu. Wa kulaumiwa ni mimi niliyejificha nyuma yake nikamtesa mama wa watu, na nitaeleza nilivyofanya, ingawa nikifika sehemu nyingine nitatamani kuruka mistari.

Kwanza mjue yeye ni nani. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na minne, na mpaka leo akisonga ugali anasonga wa watu mia. Mumewe, marehemu Mwalimu Gasper, alichimba kile kisima cha nyuma ya nyumba kwa mikono yake, kiangazi baada ya kiangazi, vitatu mfululizo, na Mama ndiye aliyekuwa akibeba udongo kwa karai, kiangazi cha mwisho akiwa na mimba ya Huruma. Wageni wa Newala wakisikia kisima hudhani ni maji ya chini. Huku juu hakuna maji ya chini ya kuchimba kwa jembe. Kisima chetu ni shimo lililosakafiwa kwa saruji, likafunikwa, likangoja mvua ya bati. Mvua ikiwa njema, familia inakunywa mpaka mwezi wa tisa. Mvua ikigoma, unanunua kwa dumu au unashuka bondeni.

Sasa, mvua ya kwanza ina shida yake. Kuanzia mwezi wa sita watu wanapulizia mikorosho salfa, na ule unga wa njano haukai kwenye mikorosho peke yake. Unapanda hewani, unatua kwenye mabati, unakaa huko pamoja na vumbi na mavi ya mijusi ukingoja mvua ya Novemba. Maji ya siku hiyo yakiingia kisimani, mnakohoa mpaka Krismasi.

Mama Huruma alikuwa na dawa ya jambo hilo. Mfereji wake wa bati haukufungwa moja kwa moja. Kipande cha mwisho kiliegemezwa tu juu ya jiwe. Mvua ikianza, alitoka na kanga yake kichwani, akakisukuma kando, maji yakamwagikia kwenye mapipa mawili ya kufulia. Alisimama pale akilowa. Alitazama rangi. Alikinga kiganja, akaonja, akatema, akangoja, akaonja tena. Akiridhika alikirudisha kipande mahali pake na maji yakaenda kisimani. Mwaka wa mvua nyingi aliacha maji yamwagike kwa muda mrefu. Mwaka wa mvua kidogo alikubali maji machafu kidogo kuliko kukosa kabisa. Hayo niliyaona kwa macho yangu nikiwa mchumba, nimeketi barazani, mvua imenikuta, nikichungulia pembeni mahali ambapo sikupaswa kuchungulia.

Mimi ni Zabroni, mtoto wa katekista wa Lulindi. Nilisomea ufundi chuoni nikarudi Masasi na cheti, na kiburi kikubwa kuliko cheti. Nilifungua karakana na Swalehe, mchomeleaji kutoka Chiungutwa, mtu wa maneno machache na mikono ya dhahabu. Tulijiita kampuni changa ya ubunifu. Tulitengeneza mashine ya kubangua karanga ikatoa unga. Tulitengeneza toroli la baiskeli, likapinduka na gunia la mtu mbele ya soko. Masasi walitutania mpaka wakachoka, na Swalehe alicheka nao, lakini mimi kila utani ulikuwa unaniingia mfupani. Nilitaka kitu kimoja tu kifanye kazi ili midomo ifungwe.

Ndipo nikamkumbuka mama mkwe wangu kwenye mvua. Nikachora pipa jeusi la lita mia, likae kati ya mfereji na kisima. Maji ya kwanza yanaingia pipani. Pipa likijaa, mpira ndani yake unaelea na kuziba mlango, na maji yanayofuata, ambayo ni safi, yanapita kwenda kisimani. Chini ya pipa kuna tundu dogo; mvua ikikatika, ule uchafu unachuruzika wenyewe, pipa linabaki tupu, tayari kwa mvua nyingine. Tuliliita Tema Kwanza. Swalehe alilijenga kwa siku nne na lilikuwa zuri kweli, hilo sitalikana.

Tukaenda Mtwara kwenye mashindano ya wabunifu vijana. Nikawasimulia majaji habari ya akina mama wanaosimama kwenye mvua wakionja maji ya salfa, na sauti yangu ikatetemeka mahali panapofaa. Jaji mmoja akauliza, "Je, mtumiaji akikosea au akisahau?"

Nikamjibu, "Mtumiaji hahusiki. Kifaa kinaamua chenyewe."

Wakapiga makofi. Tukapewa cheti, fedha za kujenga vifaa arobaini vya majaribio, na mshauri wa kutufundisha kuandika maandiko ya mradi. Nililala usiku ule nikirudia lile neno, mtumiaji hahusiki, nikiliona ni neno la mtu mkubwa.

Kifaa cha kwanza nilikipeleka kwa nani kama si kwa mama mkwe? Ilikuwa mwezi wa kumi. Nilikaa barazani kama desturi, Swalehe akaenda uani na misumeno na gundi. Kile kipande cha mfereji kilichokuwa juu ya jiwe tulikiondoa, tukafunga bomba imara kwa gundi ya mabomba. Na lile tundu la chini, nilikuwa nimeagiza liunganishwe na bomba linaloingia ardhini mpaka shimo la mawe, ili mtu asije akaweka ndoo akanywa uchafu. Mshauri wetu alikisifu sana kipengele hicho.

Kazi ilipoisha, Huruma alitoka uani akanijia, mtoto wetu Grace mgongoni.

"Baba Grace, Mama anauliza. Anasema kifaa ni kizuri, ahsante. Ila anaomba hapo kwenye bomba muweke koki, awe anaweza kufunga na kufungua mwenyewe. Na yale yanayotemwa, anasema yasizikwe ardhini, angalau akinge ya kufulia."

Swalehe alisema koki anayo kwenye sanduku, ni kazi ya dakika kumi.

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini niliwaza picha za andiko, niliwaza yule jaji, niliona koki imening'inia kwenye kifaa kinachoamua chenyewe kama kiraka kwenye suti. Nikapaza sauti makusudi, ipite ukutani ifike jikoni.

"Mwambie Mama kifaa hiki hakihitaji msaidizi. Tumekitengeneza ili watu waache kubahatisha kwa ulimi."

Halafu sauti ya Mama ikatoka jikoni, yenyewe, bila kumpitia Huruma, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Haya, baba. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikaona nimeshinda. Swalehe alikusanya misumeno yake bila kunitazama, na njiani kurudi Masasi hakusema neno mpaka tulipofika. Nikadhani amechoka.

Mwaka ule mvua haikunyesha, ilichungulia. Inaanguka robo saa, bati linalia, watu wanatoka na ndoo, mara imekatika. Siku nne jua kali. Kisha robo saa nyingine. Yeyote anayejua kujumlisha angeona jambo lile kutoka Masasi bila hata kupanda mlima: kila kimvua kinajaza pipa langu, kinakatika, pipa linajimwaga ardhini, linangoja kimvua kingine. Hakuna tone lililofika kisimani. Mimi kujumlisha najua. Sikujumlisha.

Watu wa Newala walijumlisha mapema. Swalehe alipopita kukagua vile arobaini tulivyokuwa tumevifunga mjini, alikuta nyumba kwa nyumba kifaa chetu kimefanyiwa upasuaji. Wengine walikata bomba la ardhini wakaweka beseni. Wengine waliziba tundu kwa kijiti na tambara. Mmoja aliligeuza pipa kuwa la kupikia pombe ya mabibo. Katika arobaini, kilichobaki kama tulivyokifunga ni kimoja, cha mama mkwe wangu.

Swalehe aliniambia, "Injinia, watu hawa si wajinga. Tuweke koki."

Nilimjibu kwamba tatizo ni elimu kwa mtumiaji. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika.

Nikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, katikati ya Desemba. Watu walikuja, wengi akina mama, na mimi katoto ka Lulindi nikasimama mbele yao nikawafokea. Niliwaambia wameharibu vifaa vya msaada. Niliwaambia ndiyo maana maendeleo yanatupita. Na mwisho, Mungu anisamehe, nikasema hivi:

"Mama mkwe wangu ana miaka sitini na mbili, hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini ameelewa. Kifaa chake hakijaguswa. Ninyi mmeshindwa nini? Nendeni kwake mkajifunze."

Nilitegemea kelele, maana watu wa Newala hawakubali kufokewa bure, lakini waliinamisha macho wote. Mama mmoja jirani yake, Stamili muuza vitumbua, alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. Mama Huruma mwenyewe alikuwa benchi la nyuma. Alisimama taratibu akatoka nje. Nilidhani anaona haya kusifiwa.

Nyani haoni kundule, lakini mimi nilionyeshwa langu na ukumbi mzima na bado sikuliona.

Wiki ya kwanza ya Januari wakaja wageni wawili kutoka Dar es Salaam, wa mfuko unaosaidia kampuni changa. Walitaka kuona kifaa kinachofanya kazi, na mimi nilikuwa na kimoja tu cha kuonyesha. Tukaketi barazani. Swalehe aliwapeleka uani mara moja wakalipiga picha pipa. Mfuniko wa kisima hawakuufunua, na sikuwaambia waufunue. Mimi nilibaki barazani, mkwe mwenye adabu zake.

Mama alileta maji kwenye sinia, glasi tatu, maji meupe yanameta. Mgeni wa kike aliinua glasi akauliza, "Mama, haya ni ya kisima?"

Kabla hajafungua mdomo nikajibu mimi, "Ndiyo, haya ndiyo yenyewe."

Mgeni akamtazama Mama. Mama akatazama sinia.

"Ni kama alivyosema mkwe," akasema. "Karibuni mnywe."

Wakanywa. Wakasifu. Nikampiga Mama picha ameshika sinia, na picha hiyo ikawa ukurasa wa kwanza wa andiko letu, chini yake nimeandika kwa maneno yangu mwenyewe: Sasa hasimami tena kwenye mvua.

Barua ilikuja mwishoni mwa Januari. Walikubali. Walitaka tujenge vifaa mia tano, kwa muundo uleule, na walihitaji jambo dogo tu la mwisho: maelezo ya Mama Huruma yenye sahihi yake, kwamba tangu msimu uanze ametumia maji ya kisima. Nilifurahi mpaka sikungoja kumpigia mtu simu. Nilipanda bodaboda saa nne asubuhi, barua mfukoni, nikapandisha mlima nikiimba.

Nyumba nilikuta imefungwa. Stamili alikuwa kibarazani kwake mbele ya karai la mafuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Grace. Mwenyeji hayupo. Amekwenda maji."

"Maji gani?"

Stamili aligeuza vitumbua vyote kwenye karai, kimoja kimoja, kabla ya kujibu. Kisha akaweka chini kijiti chake cha kugeuzia.

"Baba Grace, mimi si mkweo, mimi nitakuuliza. Wewe ulishawahi kuyaona maji ya kile kisima?"

Nikageuka kuutazama mlango uliofungwa.

"Hajachota humo tangu Novemba. Hii mvua imenyesha mara kumi na mbili, nimehesabu, na mara zote kumi na mbili zimekwenda ardhini kupitia lile bomba lako. Akipata hela ananunua dumu. Akikosa anashuka bondeni na ndoo. Yale mliyowapa wageni alishuka kuyafuata alfajiri, akayachuja mara mbili kwa kanga mpya."

"Mbona hakulikata bomba? Wenzake wote wamekata."

"Akate kitu alichofunga mkwe wake?" Stamili alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini jua linachoma. "Watu waseme nini? Sisi wenyewe tulimwambia, Mama Huruma, tuje tukukatie sisi. Akasema mkwe akija akakuta pamekatwa ataona nimemdharau. Na siku ile ukumbini ulivyomsimamisha kuwa mwalimu wetu, alikuja hapa kwangu akalia. Hakulia kwa kiu. Alisema, sasa hata wakija kunisaidia haiwezekani, maana nimeshasifiwa."

"Huruma anajua?"

"Huruma alikatazwa."

Nilirudi nyumbani kwa Mama Huruma na nikafanya jambo ambalo katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kulifanya. Nilipita pembeni ya nyumba nikaingia uani. Nilikuta kamba ya nguo, nguo zake zimeanikwa zikiwa na madoa ya sabuni isiyosuuzwa vizuri. Nilikuta yale mapipa mawili ya kufulia yamelazwa ubavu, makavu. Jiwe lililokuwa likishika mfereji bado lipo. Pipa langu jeusi lilikuwa safi kabisa, limefutwa vumbi. Alikuwa akilifuta.

Nikapiga magoti nikafunua mfuniko wa saruji. Nilikuwa mtengenezaji wa kifaa cha maji ambaye hakuwahi kutazama maji. Nilitazama. Sakafu ya Mwalimu Gasper ilikuwa nyeupe kwa ukavu, na katikati ya ule ukavu mjusi alikuwa akitembea bila haraka. Niliita, sijui niliita nini, na sauti yangu ikarudi kubwa.

Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia. Toroli lilipopinduka sokoni nilitaka ardhi inimeze ili nisionekane. Pale kisimani nilitaka kuonekana. Nilitaka mtu aje anitukane kwa sauti, kwa Kimakonde, mbele ya mtaa mzima. Nilitoa ile barua mfukoni, nikasoma tena lile ombi la sahihi, nikaona kwamba kama ningempa kalamu angesaini. Angesaini, akaenda zake bondeni.

Nikasikia nyayo. Mama Huruma aliingia uani kwa mlango wa nyuma, ndoo kichwani, kanga ya mabegani imelowa. Akaniona pale chini, magoti kwenye vumbi, mfuniko wazi. Aligeuza uso upesi upande wa ukuta, kama inavyompasa, na mimi nikatazama chini, kama inavyonipasa, na Huruma hakuwepo wa kutusemea.

Aliitua ndoo peke yake. Nilitaka kunyanyuka nimsaidie nikashindwa.

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Mama, nisamehe."

Alijifuta maji shingoni kwa pembe ya kanga, bado ameutazama ukuta. Nilipomsikia anavuta pumzi nilijiandaa kwa lolote.

"Nisamehe wewe, baba," akasema. "Ningejua unakuja leo, ningeazima hata madumu mawili kwa majirani nikayamwaga humo, usije ukakuta pakavu."